Fidia si ya kuta na miembe tu

Tangu wakazi wa Kipawa wahamishwe kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kuna kauli ambayo haijafa mitaani: "Ardhi ni ya serikali, utalipwa nyumba na miti tu." Imeumiza wengi, maana mtu akishaiamini hahoji tena.

Kauli hii ina mizizi. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 haikuipa thamani ardhi tupu. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua kwamba masilahi katika ardhi yana thamani, na inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kwa hiyo mama mwenye nyumba ya vyumba viwili na duka barazani halipwi matofali peke yake. Kuna bei ya soko ya kiwanja, posho ya usumbufu, usafiri, kodi ya pango ya miezi 36 ya kupata makazi kwingine, na faida ya duka anayoikosa, akiwa na hesabu zake. Malipo yakichelewa, kuna riba.

Kabla ya kusaini fomu ya uthamini, pitisha kidole mstari kwa mstari. Kiwanja kisipoonekana humo, uliza papo hapo, mbele ya mtendaji wa mtaa.