Mfereji wa Panama: mlima ndio unaopandwa, si bahari

Kwenye kila kundi ninaloliandalia safari ya boti ya siku moja Mfereji wa Panama hakosekani mtu wa kuwaeleza wenzake, kwa uhakika kabisa, kwamba boti hupandishwa kwenye vyumba vya maji, vyenye malango na vinavyojazwa ili kuiinua, kwa sababu Pasifiki iko juu kuliko Atlantiki. Eti malango yote yakifunguliwa kwa pamoja, bahari moja itamwagikia nyingine. Wenzake huitikia.

Jamani, hapana. Kwa wastani Pasifiki ya pale imeizidi Atlantiki kwa takriban sentimita 20. Boti yako itapandishwa mita 26. Hizo nyingine zote zimetoka wapi?

Zimetokana na mlima. Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyekwisha kufungua Mfereji wa Suez mwaka 1869, alitaka na Panama ichimbwe mpaka usawa wa bahari. Kazi ilianza 1881. Udongo wa vilima vya Culebra uliporomoka kila mvua iliponyesha, homa ya manjano na malaria zikaua maelfu ya vibarua, na 1889 kampuni ikaanguka. Wamarekani walipoichukua kazi hiyo waliamua kuupanda mlima badala ya kuukata wote. Waliuziba Mto Chagres, likapatikana Ziwa Gatun, mita 26 juu ya bahari zote mbili. Meli hupanda hadi ziwani, huvuka, kisha hushuka upande wa pili. Kama shida ingekuwa bahari moja kuwa juu, ungeshuka tu au ungepanda tu. Kwa nini upande halafu ushuke karibu kiasi kile kile?

Suez yenyewe ni ushahidi. Meli zinazotoka Mombasa kwenda Ulaya huvuka kutoka Bahari ya Shamu hadi Mediterania bila lango hata moja, kwa kuwa nchi ile ni tambarare.

Chembe ya ukweli ipo: upande wa Pasifiki maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 5, wakati kule Colón, upande wa Atlantiki, hata mita moja ni nadra. Ndiyo maana malango ya Miraflores yanayotazama Pasifiki ndiyo marefu kuliko yote. Lakini hayo ni maji kujaa na kupwa tu.

Kinachoikuza dhana hii ni safari ya nusu mfereji. Unapanda vyumba viwili Miraflores na kimoja Pedro Miguel, unatolewa botini Gamboa, katikati ya mfereji, unarudi hotelini ukiwa umepanda tu. Mimi humsihi kila mteja alipie mfereji mzima, hata kama utamchukua siku nzima, ili ashuke vyumba vitatu vya Gatun na aone mwenyewe.

Pampu? Hakuna. Maji ya ziwa huteremka yenyewe ndani ya mahandaki yaliyo kwenye kuta na kutokea matundu ya sakafuni. Chungulia chini chumba kikijaa: maji yanatokota kama sufuria ya ugali, boti inayumba, na ukuta wenye utelezi uliokuwa umekuzidi urefu mara kadhaa unazama mbele ya macho yako kwa dakika kama kumi. Kila meli ikivuka, karibu lita milioni 200 za maji baridi huishia baharini. Ukame wa 2023 ulipolipunguza ziwa, idadi ya meli kwa siku ilikatwa.

Vile vichwa vya treni vinavyotembea juu ya kuta havivuti meli. Meli hutumia injini yake. Vyenyewe huiweka katikati na kuizuia isigonge.

Na boti ndogo haina treni: inashikiliwa kwa kamba, mara nyingi nyuma ya meli kubwa wakati wa kupanda. Meli ile ikiwasha propela ili itoke, maji yanakuja kwa nguvu. Wapo wageni wanaonyoosha mguu kuisukuma boti isiguse ukuta. Usithubutu! Mguu hauwezi kuzuia tani za chuma. Kaa ndani ya reli, waachie mabaharia na maboya ya ubavuni.

Wengine hudhani kwenda Atlantiki ni kwenda mashariki. Kwa mfereji huu unaelekea kaskazini-magharibi, angalia dira.

Na tiketi haikupi saa ya kufika. Ratiba hupangwa na mamlaka ya mfereji, na meli za mizigo zina nafasi zao. Usikate tiketi ya ndege ya jioni hiyo hiyo.