Mwani kwenye tangi la samaki: yanayosemwa na ukweli wake

“Maji yamekuwa kijani? Mwaga yote, sugua kwa sabuni, anza upya.”

Ushauri huu huua samaki ambao mwani wenyewe, yaani ukijani huo, haungewaua. Ndani ya sponji ya chujio na katikati ya changarawe wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitraiti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Ukiosha sponji kwa maji ya mfereji ya Nairobi, yaliyotiwa klorini, unawaangamiza. Amonia inapanda, samaki wanahema juu juu, na mwani nao unarudi. Badilisha robo ya maji kila wiki, ukitoa klorini kwanza kwa dawa yake, na sponji uikamulie katika ndoo ya maji uliyoyachota tangini. Sabuni isikaribie kabisa.

“Samaki akikufuata kwenye kioo, ana njaa.”

Samaki huomba kila akiona mtu. Nyumba nyingi mtoto analisha, mama analisha, na dada wa kazi pia analisha, kila mmoja akidhani wengine wamesahau. Aliyepita karibu na Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata, ameona magugu maji yanavyotanda kwa kula rutuba ya maji taka. Tangini mbolea hiyo ni chakula kilichobaki. Wape kinachokwisha ndani ya dakika mbili, na mlishaji awe mmoja.

“Tangi likae dirishani, jua ni afya.”

Huku karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mwani wa dirishani haupati msimu wa kupumzika. Sogeza tangi mbali na jua, na taa yake iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu, si mpaka taarifa ya habari iishe. Swichi ya kujizima inasaidia, ila ile ya kuzungusha hubaki nyuma stima ikipotea, kwa hiyo iangalie.

“Nunua pleko, atakula wote.”

Yule samaki mdogo wa kunyonya kioo, asili yake Amerika Kusini, aina ya kawaida hupita sentimita 30. Akikua hupunguza hamu ya mwani na kuongeza kinyesi. Kwa tangi la sebuleni, mimi simnunui.

“Mwani ni mwani tu.”

Utando wa kahawia katika tangi jipya kwa kawaida ni diatomu, mwani wa chembe moja moja. Hufutika kwa kitambaa na mara nyingi huisha wenyewe baada ya wiki kadhaa. Utando wa kijani-samawati unaoteleza na kunuka ni sainobakteria, yaani bakteria. Unyonye kwa mpira wa maji, kisha funika tangi lisipate mwanga siku tatu huku pampu ya hewa ikifanya kazi.

“Kuna dawa ya kuumaliza.”

Baadhi zina shaba, inayoua konokono na kamba. Mwani uliokufa nao huoza, ukila oksijeni na kurudisha rutuba majini.

“Tangi zuri halina mwani hata kidogo.”

Mwani mwembamba juu ya mawe ni chakula cha konokono na vifaranga vya samaki. Kioo cha mbele ndicho cha kusugua.