Anwani ya IP si maandishi

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ya kukusanya taarifa za vifaa vya mtandao kutoka ofisi za wilayani, kuanzia Kondoa na Chemba upande wa kaskazini hadi Mpwapwa upande wa mashariki, na kuzileta kwenye seva moja hapa Dodoma mjini. Kila kifaa nilikitambua kwa anwani yake ya IP, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, na anwani hiyo niliihifadhi kama ilivyokuja, yaani kama maandishi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka ofisi moja ilipoanza kutumia IPv6, toleo jipya la anwani hizo. Asubuhi moja orodha yangu ikaonyesha ruta tatu mahali ambapo nilikuwa nimefunga moja kwa mikono yangu mwenyewe.

Ruta ya pili na ya tatu hazikuwapo. Ilikuwapo anwani moja iliyoandikwa kwa namna tatu: 2001:db8:0:0:0:0:0:1, 2001:db8::1 na 2001:DB8::1. (Hizi ni namba zilizotengwa kwa ajili ya mifano, si za ofisi ile.) Zote tatu ni sahihi, na mtandao hauoni tofauti yoyote baina yake, lakini programu iliyokuwa ikilinganisha herufi kwa herufi iliziona kuwa vitu vitatu. RFC 5952 ya mwaka 2010, mojawapo ya nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti, inapendekeza namna moja ya kuandika, kwa herufi ndogo na sifuri zikiwa zimefupishwa, ila pendekezo hilo halimzuii mtu wala kifaa kuandika vinginevyo, na kosa lilikuwa langu.

Anwani ya IPv4, yaani toleo la zamani, kama ilivyoelezwa katika RFC 791 ya Septemba 1981, ni namba ya biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1). Ya IPv6 ni namba ya biti 128. Nukta na nukta pacha tunazoziona zimewekwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Ndiyo maana lugha nyingi za programu zinatoa objekti maalumu (kifurushi cha data pamoja na kazi zake) ya kuibeba namba hiyo, na maoni yangu ni kwamba maandishi yageuzwe kuwa objekti pale pale yanapoingia kwenye programu, mara moja tu, na yasirudi kuwa maandishi mpaka wakati wa kumwonyesha mtu.

Katika Java kazi hii hufanywa na klasi (kiolezo cha objekti) ya InetAddress, ambayo haina konstrakta, yaani njia ya kuunda objekti moja kwa moja, iliyo wazi kwa mtumiaji. Huombi objekti mpya kwa neno new, bali unaiita mbinu kama getByName au getByAddress, nayo inakurudishia Inet4Address au Inet6Address kulingana na ulichompa. Uamuzi huo ni wa busara, kwa sababu sehemu kubwa ya programu haina haja ya kujua ni toleo lipi linalotumika. Objekti yenyewe inaweza kushika jina la seva pamoja na anwani, lakini ulinganisho wa equals hutazama anwani peke yake. Kinyume chake ni klasi ya URL ya lugha hiyo hiyo, ambayo equals yake hujaribu kutafuta anwani za majina yote mawili kwenye DNS, huduma ya mtandao inayogeuza majina kuwa anwani, hata kulinganisha tu kukawa ni jambo la kusubiri mtandao. Siitumii kamwe kama ufunguo wa orodha.

Hata hivyo getByName ina tabia ninayoilalamikia. Ukiipa namba, inakagua muundo tu. Ukiipa jina, inakwenda kuuliza DNS na uzi wa programu, yaani mkondo wa kazi inayoendelea, unasimama mpaka jibu lije. Herufi moja iliyokosewa katika namba inaweza kuifanya ionekane kuwa jina, na katika ofisi yenye mtandao wa kusuasua kosa hilo hujitokeza kama programu iliyoganda badala ya ujumbe wa kosa. Java 22 ilileta ofLiteral, ambayo hupokea namba tu na kukataa majina, na nilifurahi kuiona.

Jina na anwani si kitu kimoja, na wakazi wa hapa tunalijua hilo: nyumba zilibandikwa namba katika zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, lakini bodaboda bado anataka atajiwe duka la jirani. Seva inaweza kuhama na jina likabaki. Objekti ya InetAddress ikishapatikana haibadiliki, kwa hiyo anayeishikilia kwa mwezi mzima ataendelea kugonga mlango wa zamani. Katika mipangilio mimi huhifadhi jina, kisha nalitafutia anwani wakati wa kuunganisha.

Kwa upande wa Python, moduli ya ipaddress iliingia katika toleo la 3.3 mwaka 2012, na haigusi DNS kabisa. Inatenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: anwani, mtandao, na anwani pamoja na mtandao wake. Ukiandika ip_network('192.0.2.7/24') itatoa hitilafu, kwa kuwa 192.0.2.7 ni kifaa kilichomo ndani ya mtandao huo, si mtandao wenyewe. Upangaji wa anwani nao hunyooka zikiwa objekti, maana kama maandishi 192.0.2.10 hutangulia 192.0.2.9.

Jambo lililonishtua zaidi ni sifuri za mbele. Afisa aliyejaza orodha ya vifaa alikuwa ameziongeza ili safu zilingane, akaandika 010.0.0.1. Mbinu ya zamani ya inet_aton katika lugha ya C husoma 010 kwa hesabu ya msingi wa nane, ikapata 8.0.0.1, ambayo ni anwani ya hadharani, yaani ya intaneti ya wote. Programu nyingine husoma 10.0.0.1, ambayo ni ya ndani ya mtandao binafsi. Ukuta wa ulinzi ukisoma hivi na seva ikasoma vile, ulinzi haupo. Python, iliyozikubali sifuri hizo katika toleo la 3.8, ilirudi kuzikataa katika toleo la 3.9.5 mwaka 2021.

Ipo pia ::ffff:192.0.2.7, yaani IPv4 iliyovikwa joho la IPv6, ambayo seva inayosikiliza matoleo yote mawili huikuta mara kwa mara. Java huivua joho yenyewe na kukupa Inet4Address, ilhali Python huiacha ilivyo mpaka uulize ipv4_mapped.

Katika hifadhidata nilibadilisha safu kutoka maandishi kuwa aina ya inet ya PostgreSQL, nikaweka sharti kwamba anwani isijirudie. Sharti likakataa kuwekwa mpaka nilipounganisha kumbukumbu za ruta zile tatu kuwa za moja, kazi iliyonichukua mchana mzima.