Hisa za kupewa stafu: ati ni bure, ati zinafuata bei ya soko, na mengine tunayodanganyana

Kila msimu wa ripoti za mwaka lazima mtu anitumie skrinshoti ya ule mstari wa malipo kwa hisa, yaani gharama ya hisa ambazo kampuni inawapa wafanyakazi, akiuliza hii pesa imeenda wapi, mbona kwa faida na hasara imetolewa halafu kwa mtiririko wa keshi imerudishwa, ama ni wizi? Hakuna wizi. Ila majibu ambayo watu hupeana hapo chini ni ya kubahatisha, na mengine yanatoka kwa watu wenye CPA kabisa, sasa ngoja tuyapitie.

Dhana kongwe ni hii: kampuni haijatoa shilingi, imechapisha hisa tu, kwa hivyo hakuna gharama. Usidhani ni ya watu wa mtaani pekee. Marekani ndiyo ilikuwa kanuni yenyewe tangu 1972, kwamba ukimpa mfanyakazi opsheni, yaani haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo, kwa bei ileile ya soko ya siku hiyo, gharama yake vitabuni ni sifuri. FASB, wale wanaoandika kanuni za uhasibu za huko, walitaka kuibadilisha 1993, kampuni za teknolojia zikapiga kelele mpaka Seneti ikapiga kura 1994, 88 kwa 9, kuwapinga, nao wakanywea, na kanuni yao ya 1995 ikaruhusu kampuni kuiacha hiyo gharama huko nyuma kwenye maelezo ambako hakuna mtu anasoma. Ni mpaka Enron na WorldCom, kampuni kubwa za huko zilizopika vitabu, zilipoanguka ndio watu wakashtuka. Coca-Cola ikatangaza 2002 kwamba itaanza kuzihesabu kama gharama bila kulazimishwa na mtu, IFRS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu malipo haya ya hisa, ikatoka Februari 2004, Wamarekani wakafuata Desemba mwaka huohuo. Kenya tuko kwa IFRS, kwa hivyo mjadala wa kama ni gharama ama sio gharama uliisha zamani, hata kama kwa WhatsApp bado unaendelea.

Na hebu fikiria, huyu mtu amekufanyia kazi miaka mitatu akingoja hizo hisa, usingempa hisa si ungemwongeza mshahara? Anayelipa ni mwenye hisa wa zamani. Sinia ni lilelile la pilau, mikono ndiyo imeongezeka.

Sasa inayosumbua watu zaidi, "bei ya hisa ikipanda gharama inapanda, ikishuka inashuka." Hapana bana. Kama mfanyakazi atapewa hisa zenyewe, thamani yake inapimwa siku moja tu, siku ya kutunukiwa (siku ya kuahidiwa hisa), na baada ya hapo bei ya soko iende mbinguni ama izame, haiguswi. Kinachobadilika ni idadi ya hisa unazotarajia zitakomaa, yaani zitakuwa mali ya mfanyakazi baada ya kutimiza masharti. Tuchukue hesabu ya kubuni: stafu 100, kila mmoja ameahidiwa hisa 3,000, bei siku hiyo shilingi 20, sharti ni wakae miaka 3. Jumla ni milioni 6. Lakini unajua wengine watahama, ukakadiria 10 wataondoka, inabaki milioni 5.4, gawanya kwa tatu, mwaka wa kwanza gharama ni milioni 1.8. Mwaka wa pili watu wanahama kama nini, sasa unaona ni 20 watakaoondoka, jumla inakuwa milioni 4.8, thuluthi mbili yake ni 3.2, toa ile 1.8 uliyokwisha kuandika, mwaka wa pili ni milioni 1.4. Mwaka wa tatu wamebaki 82 kwa ukweli, jumla ni milioni 4.92, toa 3.2, gharama ni milioni 1.72. Umeona bei ya soko mahali popote hapo? Hisa inaweza kuwa imefika 35 siku ya kukomaa na stafu wanasherehekea, vitabu vinasema 20. (Na kama wakati wa kungoja hawalipwi dividendi, hata hiyo 20 inapunguzwa kidogo, sababu hisa bila dividendi ya miaka mitatu si sawa na yako wewe unayepokea.)

Upande wa pili wa hiyo entri pia huchanganya watu. Unadebiti gharama za wafanyakazi, unakrediti akiba iliyo ndani ya mtaji wa wenye hisa. Sio deni. Ndio maana mtaji jumla haupungui, faida imeshuka huku akiba imepanda kiasi kilekile.

Cheki bei za Safaricom uone kwa nini hii kitu ina maana. 2021 ilikaribia shilingi 45, 2023 ikawa chini ya 15. Tuzo yoyote iliyopimwa kwa bei za juu namna ile inaendelea kukatwa kwa bei ileile ya juu, ingawa mkononi mfanyakazi amepata theluthi. Inauma, lakini kampuni iliahidi kitu cha thamani ile na ikapata kazi kwa ahadi ile. Opsheni ndiyo kali zaidi: bei ikianguka chini ya ile ya kununulia mpaka opsheni ikawa karatasi tu, gharama uliyoandika hairudi.

Halafu usiseme basi zote ni hivyo. Kuna mipango ambayo mfanyakazi hapewi hisa, anapewa keshi inayolingana na bei ya hisa. Hiyo sasa ni deni, inapimwa upya kila mwisho wa kipindi mpaka siku ya kulipa. Wale wale 82, hisa 3,000 kila mmoja, bei 35, gharama yote inakuwa milioni 8.61 badala ya 4.92. Kwa hivyo mtu akikuambia gharama inafuata bei ya soko muulize kwanza, wanalipwa hisa ama keshi?

"Target isipofikiwa gharama yote inafutwa." Nusu kweli, na hapa hata mimi nilipotea kitambo. Kama target ni faida, ama mauzo, ama idadi ya wateja, sawa, hisa hazikukomaa, unarudisha kila ulichoandika. Lakini kama target ni ya soko, tuseme bei ya hisa ifike 50, ama anachovuna mwanahisa (bei kupanda pamoja na dividendi) kishinde cha kampuni shindani, hairudishwi hata senti kama mfanyakazi amemaliza miaka yake. Stafu hajapata chochote na kampuni bado ina gharama! Inaonekana wazimu lakini sababu iko: ule uwezekano wa kukosa bei ya 50 ulishapunguza thamani siku ya kwanza, ile hisa haikuhesabiwa 20, ilihesabiwa labda 9, sasa ukifuta tena baadaye utakuwa umeipunguza mara mbili.

Hata siku ya kutunukiwa yenyewe watu wanaikosea, wanadhani ni tarehe ya barua. Ni siku ambayo pande zote mbili wameelewana masharti, na kama mpango unahitaji wanahisa wapitishe kwa mkutano wa mwaka basi ni siku wamepitisha. Barua ya Machi, mkutano wa Julai, bei ni ya Julai. Tarehe sio mchezo. Marekani chini ya ile kanuni ya zamani kampuni zilikuwa zinarudisha tarehe nyuma kwa siku ambayo bei ilikuwa chini, ionekane opsheni ilitolewa kwa bei ya soko na gharama ni sifuri, mambo yakalipuka 2006, Broadcom, kampuni ya chipu, peke yake ikalazimika kurekebisha hesabu kwa zaidi ya dola bilioni 2.

Kuna hii ya trasti sasa, ule mfuko unaoshika hisa kwa niaba ya stafu. Kampuni nyingi haziundi hisa mpya, trasti inanunua sokoni na kuwawekea stafu, Safaricom ina mpango wa namna hiyo unaitwa EPSAP. Basi watu wanasema gharama ni kile trasti ililipa. Sio. Trasti ikinunua kwa 30 hisa zilizotunukiwa kwa 20, gharama ya wafanyakazi ni 20, ile 10 inamalizana ndani ya mtaji na faida haiguswi. Na mradi kampuni ndiyo inayoidhibiti trasti, hizo hisa kwa hesabu za kundi zinatolewa kwenye mtaji, haziwi mali. Ukiona mtu ameziweka kama uwekezaji kwenye mizania ya kundi, shida iko hapo.

Nimeacha ya mwisho inayonikera. "Sio keshi, iondoe ndio uone faida ya kweli." Mabosi wanaipenda hii. Ni kweli siku ya kuandika gharama hakuna keshi imetoka, ndio sababu inarudishwa kwenye mtiririko wa fedha. Lakini angalia Alphabet, mama yake Google, mwaka 2023: malipo kwa hisa zaidi ya dola bilioni 22, halafu chini kabisa huko kwenye shughuli za mtaji kuna mstari wa karibu bilioni 10, keshi tupu, sababu hisa zikikomaa kampuni inazuia sehemu yake na kumlipia mfanyakazi kodi kwa pesa taslimu. Mwaka huohuo wakanunua hisa zao zaidi ya bilioni 60, na sehemu ya hizo ni kuziba tu zile zinazotoka kwa stafu. Keshi imetoka, imepitia mlango wa nyuma. Na zile ambazo hazijakomaa ziko kwenye faida kwa kila hisa, ile iliyopunguzwa, inayohesabu kana kwamba hizo hisa zimeshatoka, ambayo kila mtu anairuka akisoma.

Vidogo viwili: kampuni ikifuta mpango katikati haiepuki gharama, iliyobaki yote inaangukia mwaka huo kwa mpigo. Na ikishusha bei ya opsheni ili stafu wasikate tamaa, gharama ya zamani inaendelea kama kawaida na juu yake unaongeza thamani mpya uliyowapa.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe usianze na ule mstari wa faida na hasara, nenda kwenye ile noti ya malipo kwa hisa kule nyuma, lazima waonyeshe za mwanzo wa mwaka, zilizotolewa, zilizopotea kwa watu kuhama, na zilizobaki. Zile zilizopotea zikiwa nyingi kuliko walivyokadiria, utajua kwa nini gharama imeshuka mwaka huu bila bosi kubana matumizi hata kidogo.