Rola kosta ya mbao haifi kwa uzee: dhana potofu na ukweli

Karakana yangu iko Gikomba, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka baharini, na hakuna aliyewahi kuniletea kazi ya rola kosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuteremka kwa kasi. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa sasa ndiyo tunayoizungumza hapa saa ya chai. Kijana mmoja ninayemfundisha useremala alinionyesha kwenye simu picha ya mtambo wa Margate, mji wa pwani huko Uingereza: msitu wa nguzo na mihimili, na juu yake njia ya reli inayopanda na kushuka kama nundu za ngamia. Unaitwa Scenic Railway. Ulifunguliwa mwaka 1920 katika bustani ya burudani ya Dreamland, sehemu yake ikaungua mwaka 2008, na mwaka 2015 ukabeba watu tena.

"Fundi, mbao ya miaka mia? Haiwezekani," akaniambia.

Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, kwa wateja na hata kwa mafundi wenzangu, na nimeona mbao nzuri mno zikitupwa kwa sababu yake. Ndiyo maana nayaandika haya.

"Mbao haidumu, na karibu na bahari ndiyo kabisa"

Mbao haiozeshwi na miaka. Inaozeshwa na maji yaliyokaa. Kuvu wanaokula mbao hawaanzi kazi mpaka unyevu ndani yake ukaribie asilimia 20 au zaidi. Mbao inayolowa kisha ikapata upepo na kukauka inaweza kumzika fundi aliyeipigilia, na mjukuu wake pia. Ushahidi upo. Leap-the-Dips, rola kosta ya mbao iliyoko Altoona katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilijengwa mwaka 1902. Ilifungwa mwaka 1985, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 1999. Ile ya Luna Park mjini Melbourne, Australia, inapigwa na upepo wa bahari tangu mwaka 1912.

Chumvi ina ubaya wake, lakini hasa kwa chuma. Inakula misumari, bolti na nati. Bolti ikishika kutu hukonda, tundu lake hulegea, maji huingia hapo na kukaa, na kuoza huanzia mle. Kwa hiyo mtu anayekarabati mtambo wa pwani huhangaika na vyuma vidogo vidogo kama anavyohangaika na mbao. Na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mashua, ambao watu hupenda kuwataja, huishi ndani ya maji ya chumvi. Nguzo iliyosimama nchi kavu hawaifikii. Mchwa ni habari nyingine, na sisi wa Nairobi tunawajua vizuri.

Niliwahi kuitwa Parklands kutengeneza roshani ya nyumba ya zamani. Mwenye nyumba alishaamua: ng'oa yote, weka chuma. Nikachukua bisibisi nikaanza kudunga kila nguzo kuanzia chini. Inchi nane za mwanzo bisibisi ilizama kama kwenye ugali. Kutoka hapo kwenda juu iligoma kabisa. Fundi aliyetangulia alikuwa amezungushia kila nguzo saruji bila kuacha njia ya maji kutoka, akawa ameitengenezea nguzo kikombe cha kunywea. Tulikata miguu tu, tukaunga mipya, tukainua juu ya vikalio vya chuma. Roshani ipo hadi leo.

Rola kosta ya zamani hukaguliwa kwa akili hiyohiyo. Unaanza miguuni, unakwenda kwenye maungio, kisha kwenye ncha za mbao ambako nyuzi ziko wazi na hunywa maji kama mrija. Katikati ya ubao mara nyingi huna la kufanya.

"Ikitikisika, iko karibu kuanguka"

Hii ndiyo inayowatisha watu, na naielewa hofu yao. Ukisimama chini ya mtambo wa mbao treni ikipita, unaona kwa macho yako nguzo zikiyumba. Lakini ziliundwa ziyumbe. Uzito wa treni ukifika kwenye kona, mbao hupokea, hujipinda kidogo, hugawia jirani yake kupitia mihimili ya mshazari, kisha hurudi. Mnazi ungekuwa mgumu kama nguzo ya zege, kusi moja tu ingeukata. Kinachomtia wasiwasi mkaguzi ni mtikisiko uliobadilika: mahali palipokuwa pakiyumba kwa namna fulani jana, leo panagonga. Hiyo ni nati iliyolegea au ungio lililochoka, na mtu aliyezoea mtambo wake huisikia kabla hajaiona.

Giant Dipper ya Santa Cruz, California, imesimama ufukweni tangu mwaka 1924. Tetemeko kubwa la mwaka 1989 liliubomoa vibaya mji ule, lakini mtambo ulibaki wima.

"Ya mbao maana yake ni mbao tupu"

Hapa hata mimi nilikuwa nimekosea. Cyclone ya Coney Island, New York, iliyofunguliwa mwaka 1927 na kusifiwa kama mama wa rola kosta za mbao, imebebwa na fremu ya chuma! Kinachoipa jina ni njia yenyewe. Mbao hulazwa tabaka juu ya tabaka, kwa kawaida saba au nane, viungo vikipishana ili pasiwe na mahali ambapo nyufa mbili zinakutana. Juu kabisa hupigiliwa ukanda wa bapa wa chuma, na ndio magurudumu yanaoukanyaga. Tabaka za juu huachwa zitokeze pembeni. Mwaka 1919 Mmarekani John Miller alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya magurudumu yanayokumbatia huo mtokezo kwa chini, ili gari lisiruke kutoka kwenye njia hata likifika kileleni kwa kasi.

Mtambo wa Margate ni wa aina iliyotangulia. Hauna magurudumu hayo ya chini, kwa hiyo kasi yake haiwezi kuachwa ijiendee. Anapanda mtu kwenye treni pamoja na abiria, mkono kwenye wenzo, akifunga breki kwa kuijua njia. Kwangu mimi, ukikarabati mtambo huo ukamwondoa mshika breki, hujakarabati. Umejenga kitu kingine mahali pake.

(Wapo pia wanaodhani treni ina injini. Haina. Huvutwa hadi juu, na kutoka hapo ni uzito wake na mteremko.)

"Ukishabadilisha mbao, si ule tena"

Nenda Lamu ukamwambie nahodha kwamba jahazi lake si lile la babake kwa sababu limebadilishwa mbao za ubavuni. Hatakuelewa. Jahazi hupandishwa pwani, ubao uliochoka hutolewa, hupimwa kwa ule wa zamani, huchongwa mwingine, hutiwa kalafati, na chombo hurudi majini na jina lake. Rola kosta ya mbao huishi vivyo hivyo tangu msimu wake wa kwanza. Njia hubadilishwa kipande kwa kipande kila mwaka wakati wa baridi, bustani zinapofungwa, kiasi kwamba mtambo wa karne moja unaweza kuwa na mbao chache sana za siku ya ufunguzi.

Kinacholindwa ni umbo, vipimo, aina ya maungio na namna ya kuuendesha. Hapo ndipo pana ukali wa kweli. Ukipunguza mteremko kwa sababu kipimo cha zamani kilikutatiza, au ukaweka ungio la kisasa lisiloyumba, umeharibu hata kama kila msumari ni mpya na unang'aa. Mbao unayoingiza iwe ya jamii ileile au ya tabia ileile, maana mbao ngumu ikifungwa kati ya laini hukataa kujipinda na wenzake, na wao ndio hupasuka.

"Ukishatangazwa urithi, umeshaokoka"

Laiti ingekuwa hivyo. Scenic Railway iliingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Uingereza mwaka 2002, wakati bustani yenyewe ikielekea kufungwa. Orodha ilizuia mtu kuubomoa kwa hiari yake. Haikuzuia moto wa Aprili 2008 ulioteketeza karibu robo ya mtambo. Haikumpa mtu hata senti ya kununulia mbao. Waliouokoa ni wenyeji walioanza kampeni mwaka 2003 na hawakuchoka. Baada ya moto, hadhi yake ilipandishwa mwaka 2011. Mwaka 2013 halmashauri ilichukua ardhi kwa nguvu ya sheria, na Oktoba 2015 treni mpya zikapanda. Miaka kumi na miwili ya barua na mikutano, kwa ajili ya kitu ambacho wengi walikiita mchezo wa watoto.

Hapa kwetu tunayo sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, na jengo likichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali linapata ulinzi wake. Nimepita mbele ya majengo yenye ulinzi huo ambayo mifereji ya paa imeziba majani, na maji yanashuka ukutani kila masika. Kuizibua ni kazi ya asubuhi moja na ngazi.

Yule kijana hakuridhika na maneno yangu, na alifanya vizuri. Jumamosi iliyopita tulichukua mabaki ya mbao za saipresi, tukazipiga randa, tukajenga kipande cha njia futi nne: tabaka nane, viungo vikipishana, misumari tu bila gundi. Tukakiweka juu ya vigoda viwili akapanda kusimama katikati. Kikajipinda upana wa kidole. Akashuka, kikarudi. Akapanda tena na mwenzake, wakaruka, mimi nikiwa nimeinama pembeni na futikamba, kikarudi tena palepale.