Je, wajua kwa nini mto kwenye picha huonekana umetulia tuli?

Mchoraji Carl Fredrik Hill alizaliwa Lund, Uswidi, mwaka 1849, lakini mito inayotajwa sana katika kazi zake ni ya Ufaransa. Alihamia huko 1873, na mwaka 1877 alikuwa akichora kando ya mto Seine, pale Bois-le-Roi. Seine ni mto mkubwa unaotiririka mchana na usiku. Mbona basi katika picha za namna hii maji huonekana shwari kama ya mtungini?

Kwanza ni mahali lilipo jicho. Ukiwa darajani ukachungulia maji yaliyo chini yako moja kwa moja, yanaakisi kama asilimia 2 tu ya mwanga, ndiyo maana unaona tope na mawe. Ukikaa chini ukingoni ukatazama mbali, maji yaleyale yanageuka kioo. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya picha hupewa rangi ya maji yenyewe, kahawia au kijani, na kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo anga linavyoyatawala.

Pili, na hapa ndipo wengi hukosea, sura ya mti majini si mti uliopinduliwa. Maji huuona mti kutoka chini, hivyo huonyesha matumbo ya matawi ambayo wewe uliyesimama huyaoni vizuri. Tena kilicho cheupe hufifia majini, na kilicho cheusi hupauka kidogo. Ukinakili rangi ya juu bila kuibadilisha, mtazamaji ataona miti miwili, maji hatayaona kabisa. Mti ulioinama kuelekea kwako huwa na sura ndefu majini kuliko wenyewe. Ulioinama kwenda ng'ambo, sura yake hufupika.

Kwa rangi za mafuta, anza na anga, kisha miti, halafu shusha rangi za miti majini kwa mikwaruzo ya wima. Zikiwa bado mbichi, pitisha brashi bapa, kavu na safi, kwa mlalo, kwa mkono mwepesi. Mara moja inatosha, mbili ukipenda. Ukiendelea kusugua, kijani na kijivu huchanganyika na kuwa matope, na hapo hakuna dawa ila kukwangua uanze upya.

Mwisho weka mstari mmoja mwembamba, mweupe-buluu, ukikata sura ya miti kwa mlalo. Huo ni upepo mdogo: viwimbi vyake huakisi sehemu ya juu zaidi ya anga badala ya miti. Ajabu ni kwamba mstari huo wa mtikisiko ndio unaofanya maji mengine yote yaonekane yamelala. Ila mstari uwe sambamba kabisa na upeo wa macho. Ukiinama hata kidogo, mto utaonekana unamwagika nje ya fremu.