Nani aliwaambia natafuta frigo?

Mama mmoja muuza vitenge katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, aliniletea simu yake wiki jana. "Mwanangu, asubuhi nimeuliza bei ya frigo kwenye intaneti. Mchana nafungua tovuti ya mapishi, frigo ileile iko inanisubiri. Nani aliwaambia?"

Hakuna tovuti iliyochungulia nyingine, mama. Tangu kampuni ya Netscape ilipoleta JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kurasa, mwaka 1995, vivinjari (programu za kufungulia tovuti) vina mwiko: ukurasa wa tovuti hii hausomi wa tovuti ile, hata zikiwa wazi pamoja. Tovuti inaweza kutambua kwamba umeacha dirisha lake (mnaofanya mitihani mtandaoni, mmesikia), lakini haioni ulikokwenda.

Palikuwa na tundu. Viungo ulivyokwisha kutembelea hubadilika rangi, basi wajanja walikuwa wanapanga viungo elfu na kusoma rangi zake. Tundu hilo lilianza kuzibwa mwaka 2010; Chrome, kivinjari cha Google, ilikuja kulikaza tena mwaka 2025.

Aliyemtaja mama ni mtu wa tatu. Muuza frigo na mwenye mapishi wote wameweka kwenye kurasa zao msimbo wa kampuni moja ya matangazo. Ukurasa ukifunguka, msimbo unapiga ripoti kwa mwenyewe pamoja na kuki, yaani namba aliyoiacha zamani ndani ya kivinjari chako. Ni kama mchuuzi mwenye daftari anayekaribishwa katika kila duka: wenye maduka hawasemezani, yeye anawajua wateja wa wote.

Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kilizifungia kuki za namna hiyo mwaka 2020. Kivinjari kingine, Firefox, tangu 2022, inaipa kila tovuti kopo lake la kuki. Google iliahidi kuziondoa kwenye Chrome, ikarudi nyuma mwaka 2024, na wateja wangu karibu wote wanatumia Chrome.

Dirisha la siri (incognito)? Linasahau ukilifunga, basi. Anwani yako ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti, inaonekana vilevile, na ukiingia kwa akaunti yako umejitaja mwenyewe.

Nikazuia kuki za watu wa tatu kwenye simu ya mama, nikafuta zote zilizokuwemo. Kila akaunti ikamdai nywila upya. Hilo lilimkasirisha kuliko frigo.